Mtungi wa mbizi: anayeamua si mwenye boti, ni mjazaji

Kusi ikianza kulegea na bahari kutulia, wenye boti za kukodi kuanzia Watamu hadi Mafia huhesabu mitungi yao ya hewa. Kaskazi ndio msimu wa maji maangavu na wageni wa kupiga mbizi, na mtungi mmoja ukikosekana ni mgeni mmoja anayebaki ufukweni. Mingine muda wake wa kupimwa umekwisha, mingine imeliwa na chumvi, mingine iliazimwa na haikurudi. Ndipo simu zinapopigwa kwa wafanyabiashara wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja: tafuta kumi, tafuta ishirini, mipya au ya mtumba, ilimradi ifike mapema.

Kwa aliyezoea kuvusha vitenge, vipuri vya pikipiki au mchele, biashara hii huonekana nyepesi. Mtungi hauozi, haupitwi na fasheni, wala hauvunjiki njiani. Bei ya mtumba nayo hushawishi. Tatizo ni kwamba mitungi miwili inaweza kufanana kama mapacha, rangi moja na urefu mmoja, kumbe mmoja ni mali na mwingine ni chuma chakavu. Tofauti imegongwa kwa herufi ndogo begani, pale mtungi unapopinda kuelekea shingoni, na wanunuzi wengi hawapasomi.

Mwenye boti ndiye anayelipa, lakini mwenye uamuzi wa mwisho ni yule anayesimama kwenye kompresa. Boti nyingi za kukodi hazijazi mitungi baharini. Jioni mitungi hurudishwa nchi kavu, huoshwa kwa maji baridi na kupangwa mbele ya mjazaji, ambaye huitazama mmoja mmoja kabla ya kufunga mpira wa kompresa. Mjazaji mwenye kujali uhai wake hukataa mtungi usio na tarehe inayosomeka, au wenye koki isiyoeleweka, hata kama mwenye boti ameshaulipia. Mtungi aliokataa mjazaji wa Nungwi hauna kazi Nungwi, na habari hufika Paje na Kendwa kabla ya mfanyabiashara kupanda feri ya kurudi.

Wala si ukorofi. Tairi la gari dogo hubeba presha ya bar 2 hivi. Mtungi wa kawaida wa mbizi hujazwa hadi bar 200 au zaidi kidogo. Kwa bar 207, kila eneo la ndani lenye ukubwa wa sentimita moja ya mraba, sawa na ukucha wa kidole kidogo, husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 210. Mtungi ukipasuka, mara nyingi hupasuka wakati wa kujazwa, na aliye karibu nao ni mjazaji.

Alumini au chuma

Swali la kwanza kwa mteja ni madini. Boti nyingi za watalii duniani hutumia mtungi wa alumini ambao kwa Kiingereza huitwa “wa themanini”, yaani futi za ujazo 80. Jina hilo limezidishwa kidogo: uwezo wake halisi ni kama futi 77. Kwa vipimo vyetu, una ujazo wa lita 11.1, na ukijazwa hadi bar 207 hubeba hewa ya karibu lita 2,200. Ukiwa mtupu na bila koki una uzito wa kilo 14 na ushee. Kipenyo chake ni sentimita 18.4 na kitako chake ni bapa, hivyo husimama wenyewe.

Mtungi wa chuma unaoshindana nao, hasa ule unaotoka Ulaya, ni wa lita 12 na presha ya bar 232. Katika maduka ya Ulaya huu ndio unaosifiwa, na sifa hizo zina msingi. Chuma kina nguvu kuliko alumini, hivyo ukuta wa mtungi huwa mwembamba na mtungi wenyewe hubeba hewa zaidi bila kuwa mnene. Aidha, hubaki mzito majini hata hewa inapokaribia kwisha.

Jambo hilo la mwisho linahitaji kuelezwa, kwa sababu ndilo linalowachanganya wauzaji. Hewa ina uzito. Mtungi wa themanini uliojaa una hewa ya karibu kilo 2.7. Ukiwa umejaa, huzama kidogo majini. Mpiga mbizi anavyopumua, unapungua uzito, na mwisho wa safari huanza kuelea, ukimvuta juu kwa nguvu ya takriban kilo 2. Kwa hiyo anayetumia alumini huongeza kilo 2 hivi za risasi kiunoni tangu mwanzo, ili mwisho wa mbizi asipandishwe bila kutaka. Anayetumia chuma haongezi, na mara nyingi hupunguza.

Sasa tazama kinachotokea kwenye boti yenye mitungi ya kuchanganya. Safari ya kawaida ya Mnemba au Kisite ni mbizi mbili kwa siku. Mgeni ameshuka mara ya kwanza na mtungi wa chuma, risasi zake zimepangwa, amepanda juu akiwa hana tatizo. Katika mapumziko baharia anambadilishia mtungi. Mkono wake unashika wa alumini kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Risasi hakuna aliyezigusa. Dakika arobaini baadaye mgeni anatakiwa kutulia kwenye kina cha mita 5 kwa dakika tatu ili mwili utoe naitrojeni, lakini mtungi unaokwisha unamvuta juu na hana cha kumshikilia. Anaibuka kwa kasi, pengine katikati ya boti zinazopita. Kupanda haraka namna hiyo ndiko kunakoleta ugonjwa wa wapiga mbizi: maumivu ya viungo, ganzi, na wengine kupooza.

Ndiyo maana nahodha mwenye uzoefu hapendi mtungi wa kipekee, hata uwe bora kuliko yote aliyonayo. Anataka mitungi ishirini inayofanana. Mfanyabiashara anayemletea mitungi mitano ya chuma ya Ujerumani, mitatu ya alumini ya Marekani na miwili asiyojua ilikotoka, amemletea kazi ya ziada na hatari juu yake. Mzigo kama huo ni bora ugawanywe: chuma kwa mteja mmoja, alumini kwa mwingine.

Boti yenyewe nayo ina la kusema. Vishikio vya mitungi kwenye boti nyingi vimekatwa kwa kipenyo cha mtungi wa themanini. Mtungi wa chuma wenye kipenyo cha sentimita 17 hucheza ndani yake na kugonga usiku kucha. Wa sentimita 20 hauingii kabisa. Mitungi mingi ya chuma ina kitako cha mviringo, haisimami bila kiatu cha plastiki, na kiatu hicho hutunza maji ya chumvi chini yake kama kikombe. Kutu huanzia hapo, mahali ambapo hakuna anayetazama. Mkanda wa jaketi la mpiga mbizi, ule unaobana mtungi mgongoni, nao hurekebishwa upya kila kipenyo kinapobadilika, na ukisahauliwa mtungi huteleza mtu akiwa chini ya maji.

Uzito hauna budi kupigiwa hesabu. Mtungi wa themanini uliojaa, pamoja na koki, ni kama kilo 17 hadi 18. Wageni kumi kwa mbizi mbili ni mitungi 20, karibu kilo 350, sawa na watu watano wazima wasiolipa nauli. Kwa boti ndogo ya fiba inayovuka mkondo wa Pemba, huo si mzigo wa kupuuza.

Yote hayo hayamaanishi chuma hakina soko. Wakufunzi, wapiga picha wa chini ya maji na wageni wa kudumu wanaomiliki vifaa vyao huutafuta, na hulipa vizuri. Lakini hao hununua mmojammoja. Boti ya kukodi hununua kwa kumi.

Ukubwa: hesabu ya pumzi

Kuna wateja watakaoagiza “mikubwa zaidi” kwa kuwa wageni wao wanaishiwa hewa mapema. Hesabu yake si ngumu, na muuzaji anayeijua huheshimiwa.

Mtu mzima asiye na wasiwasi anaweza kutumia hewa ya lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Kwenye kina cha mita 18 presha ni mara 2.8 ya nchi kavu, hivyo atatumia lita 56 kwa dakika. Bar 50 za mwisho huachwa kama akiba. Kwenye mtungi wa lita 11.1 uliojazwa bar 200, zinabaki bar 150 za kutumia, yaani lita 1,665. Gawa kwa 56, unapata dakika 30 pungufu kidogo. Mtungi wa lita 12 utampa dakika 32. Wa lita 15 utampa dakika 40.

Kwa hiyo kutoka lita 11 hadi 12 tofauti ni dakika mbili tu, haitoshi kubadilishia shehena nzima. Lita 15 ndiyo inayobadilisha mambo, lakini ni mizito, na baharia atakayeibeba mchana kutwa atakuwa na maoni yake. Boti nyingi zinahitaji michache ya aina hiyo kwa wanaume wenye miili mikubwa, pengine miwili au mitatu kwa kila kumi.

Mtego mwingine ni presha iliyoandikwa. Ipo mitungi ya chuma ya Marekani ya bar 237, na ipo ya Ulaya ya bar 300. Huonekana kama bidhaa ya daraja la juu. Lakini ikiwa kompresa ya mteja hujaza hadi bar 200 na si zaidi, mtungi wa bar 237 hutoa asilimia 84 tu ya hewa iliyoandikwa kwenye karatasi zake, na ule wa bar 300 hutoa theluthi mbili. Mteja atakuwa amelipia ukuta mnene wa chuma asiouhitaji. Swali la kumuuliza kabla ya kuagiza ni moja: kompresa yako hufika bar ngapi?

Kusoma bega

Mtungi wa Marekani huandikwa DOT, mara nyingi pamoja na TC ya Kanada. Herufi 3AL ni alumini, 3AA ni chuma. Namba inayofuata ni presha: 3000 kwa kipimo cha PSI ni bar 207. Zinafuata namba ya mtungi, alama ya kiwanda, na tarehe ya kipimo cha kwanza kwa mwezi na mwaka. Kila ulipopimwa tena, tarehe nyingine hugongwa pembeni. Mtungi wa Ulaya huandika presha ya kazi kwa PW au WP, presha ya kupimia kwa PT au TP, ujazo kwa lita, na uzito kwa kilo. Wa bar 232 utakuwa na presha ya kupimia ya 348, yaani mara moja na nusu. Mipya zaidi ina alama ya herufi ya Kigiriki, pai.

Marekani mtungi hupimwa kwa maji kila baada ya miaka 5, na kwa desturi ya wajazaji huchunguzwa ndani kila mwaka. Uingereza kipimo cha maji ni miaka 5 na uchunguzi wa ndani ni miaka miwili na nusu. Kipimo chenyewe ni hiki: mtungi hujazwa maji na kusukumwa kupita presha yake ya kazi, kisha hutazamwa umetanuka kiasi gani na umerudi kiasi gani. Maji hutumika kwa sababu hayabanwi kama hewa. Mtungi dhaifu ukishindwa, hupasuka bila kulipuka.

Tarehe iliyopita haimaanishi mtungi ni mbovu. Inamaanisha lazima upimwe kabla ya kujazwa, na gharama hiyo iingie kwenye bei. Anayenunua mitungi kumi iliyopitwa na muda, bila kujua itapimwa wapi, kwa siku ngapi na kwa shilingi ngapi, hajui bado amenunua kwa bei gani.

Ipo mitungi ambayo haistahili hata kupimwa. Kiwanda cha Luxfer cha Marekani kilitumia mchanganyiko wa alumini unaoitwa 6351 hadi 1988, na watengenezaji wengine waliendelea nao miaka kadhaa zaidi. Baadaye iligundulika kuwa mchanganyiko huo huweza kufanya nyufa shingoni kwa sababu tu ya kukaa na presha muda mrefu. Mingi iliyopata nyufa ilivuja, lakini michache ilipasuka na kuumiza watu. Tangu 2007 sheria ya Marekani inataka mitungi hiyo ikaguliwe shingoni kwa kifaa maalumu cha umeme kila inapopimwa, na wajazaji wengi wameamua kutoigusa kabisa. Matokeo yake ni kwamba huko iliko haina soko, na kisichokuwa na soko kwao hutafuta meli ya kuja kwetu. Kwa mfanyabiashara kanuni rahisi ni hii: alumini ambayo tarehe yake ya kwanza ni ya miaka ya 1970, 1980 au mwanzoni mwa 1990, iachwe ilipo, hata iwe inang’aa.

Na kung’aa kwenyewe ni jambo la kushuku. Alumini haitakiwi kupata joto kali. Ikifikishwa nyuzi 180 hivi za sentigredi huanza kupoteza nguvu yake bila dalili yoyote nje. Mtungi uliounguliwa na ghala, au uliopakwa rangi ya unga na kuingizwa kwenye tanuri, unaweza kuonekana mzuri kuliko mpya. Rangi nene iliyojaza mihuri hadi haisomeki ni sababu tosha ya kuuacha. Vivyo hivyo mtungi uliosuguliwa begani kwa tupa. Na mtungi wa zimamoto uliobadilishwa koki ukaitwa wa mbizi usiingizwe kwenye mzigo hata wa bure.

Koki na shingo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Koki ya mtungi hukutana na regulata, kile kifaa cha kupumulia, kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya kibano: regulata huvishwa juu ya koki na kukazwa kwa skrubu. Ya pili huitwa DIN: regulata huingia na kukazwa ndani ya koki yenyewe. Wageni kutoka Ujerumani na nchi jirani zake hupenda DIN. Wa kutoka Marekani huja na kibano. Boti ya kukodi hupokea wote. Suluhisho ni koki ya DIN ya bar 200 yenye kipande cha katikati kinachotolewa kwa ufunguo wa pembe sita: kikiwepo ni kibano, kikitolewa ni DIN. Mitungi yenye koki za aina hiyo huuzika haraka kuliko mingine yoyote pwani hii.

Kinachotisha zaidi ni upande wa chini wa koki, unaoingia shingoni mwa mtungi. Mitungi ya Marekani hutumia thredi za robo tatu ya inchi. Mitungi mingi ya Ulaya hutumia thredi za milimita 25, na hugongwa M25x2. Kwa macho zinakaribiana mno. Koki ya milimita 25 inaweza kuingia kwenye shingo ya inchi, ikashika thredi chache, ikakaza, na hata ikastahimili presha ndogo. Kwa bar 207, nguvu inayoisukuma koki ya upana huo itoke nje inazidi tani moja. Imewahi kuruka na kuumiza watu.

Masoko yetu yanapokea mitungi kutoka Ulaya, Marekani, Ghuba na Afrika Kusini kwa pamoja, na koki zinauzwa katika ndoo moja. Fundi anayesema “inaingia, iko sawa” hajapima kitu. Koki ina alama yake, shingo ina yake. Zisipolingana kwa maandishi, zisikutanishwe. Na mfanyabiashara anayenunua mitungi isiyo na koki kwa sababu ni nafuu, atafute kwanza bei ya koki sahihi. Mara nyingi unafuu wote huishia hapo.

Kwa mtumba, uchunguzi wa dakika tano huokoa mengi. Tikisa mtungi na usikilize: maji au chembe hutoa sauti. Fungua koki taratibu na unuse. Hewa safi haina harufu, na harufu ya mafuta ni ya kompresa mbovu iliyoujaza. Muuzaji akiruhusu koki itolewe baada ya hewa yote kutoka, mulika ndani kwa tochi. Unga mweupe kidogo kwenye alumini husafishika. Mashimo kama ya ndui hayasafishiki. Kwenye chuma, vumbi jekundu ni onyo, na si kwa ajili ya ukuta pekee: kutu hula oksijeni. Mtungi wa chuma uliokaa miezi na maji ya chumvi ndani yake unaweza kuwa na hewa isiyotosha kumweka mtu hai, ilhali kipimo cha presha kinaonyesha umejaa.

Mpakani

Wapo wanaofika Horohoro kutoka Lunga Lunga wakiamini kuwa mitungi michache itapita kwa mfumo rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Mfumo huo ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mtungi wa Luxfer ulionunuliwa Mombasa haukupata uasili wa Kenya kwa kununuliwa Mombasa. Hata ukiwa mmoja, ni bidhaa ya nje, na utahesabiwa hivyo. Nyaraka za kuonyesha uliingiaje ukanda huu na ushuru gani ulilipwa zitembee na mzigo, zisiachwe dukani. Anayeagiza kutoka Dubai au Ulaya kwa mteja wa Tanzania au Uganda atafaidika kutamka nchi ya mwisho tangu bandari ya kwanza, kama Himaya Moja ya Forodha inavyotaka, kuliko kuilipia Kenya kisha kuanza mazungumzo mapya mpakani.

Kwenye hati, mitungi ya alumini ya hewa iliyobanwa huingia katika kifungu cha 7613, na ya chuma katika 7311. Isichanganywe katika mstari mmoja. Iandikwe “mitungi mitupu ya hewa ya kupigia mbizi”. Neno “mitungi ya gesi” kwa afisa yeyote wa Afrika Mashariki ni mitungi ya kupikia, na maswali yatakayofuata ni ya kupikia. Mashirika ya viwango ya Kenya na Tanzania huendesha uhakiki wa bidhaa kabla hazijasafirishwa kutoka nje, na Zanzibar ina shirika lake. Yote matatu yaulizwe kabla ya kulipa, si baada ya kontena kufika.

Mitungi isafirishwe mitupu. Iliyojaa ni shehena hatari yenye namba yake ya kimataifa, UN 1002, na hakuna sababu ya kujitafutia hilo. Kwa lori au jahazi, kuachwa na presha ndogo ya bar chache, koki ikiwa imefungwa, huzuia unyevu kuingia. Kwa ndege ni kinyume chake: mashirika mengi hutaka koki itolewe au ifunguliwe ili ionekane wazi kuwa ndani hakuna kitu, basi tundu lizibwe kwa kizibo cha plastiki kisichobana hewa. Ilazwe na kufungwa, koki zikitazama upande mmoja, na kila koki ikingwe. Kwenye barabara ya Lunga Lunga hadi Tanga mitungi iliyosimamishwa haifiki ikiwa imesimama.

Jua nalo lihesabiwe pale mteja anapopewa mitungi iliyojaa. Mtungi wa bar 200 uliojazwa asubuhi kwenye nyuzi 25, ukiachwa juani hadi ufike nyuzi 50, husoma bar 217. Turubai la kivuli juu ya mitungi ni nafuu kuliko mabishano.

Wafanyabiashara wa bara wasidhani haya ni ya pwani tu. Vikosi vya uokoaji na mafundi wa chini ya maji katika Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika hununua mitungi hiyohiyo. Maji baridi hayaelezi sana kama ya chumvi, hivyo risasi hupungua, na kutu huwa mpole zaidi. Mihuri na thredi hazibadiliki. Wateja wengine ni wavuvi wa jongoo bahari. Kuvua kwa mtungi kuna masharti makali, na kwingine kumepigwa marufuku. Anayewauzia ajue sheria ya mahali mzigo unapokwenda.

Hubaki mitungi iliyofeli kipimo. Kila mzigo wa mtumba huwa nayo, na bei ya kununulia inapaswa kuihesabu. Kilo 14 za alumini zina mnunuzi katika kila mji wenye kiwanda cha masufuria. Lakini kabla ya kupelekwa kwenye mizani mtungi huo uharibiwe: hewa yote itolewe, koki itolewe, thredi za shingo zikatwe au ukuta utobolewe kwa keekee. Ukiachwa mzima, baada ya miezi michache utakuwa umepakwa rangi ya manjano na kuuzwa tena, pengine kwa yuleyule mteja.